Jora la Kuzikia

Mwaka aliofariki baba, nguo zilikuwa hazipatikani Babati. Duka la ushirika lilikuwa na chumvi, na wiki nyingine hata chumvi haikuwepo. Tulifulia majani ya mpapai. Gauni langu la shambani lilikuwa na viraka vingi hata nikasahau rangi yake ya kwanza, na sikusikitika. Watu wote walikuwa hivyo.

Mama alikuwa kiongozi wa wanawake katika usharika wetu wa Maisaka. Kwa sababu hiyo alikabidhiwa jora la marekani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, lililotumwa na Wakristo wenzetu wa ng'ambo, waliposikia kwamba kwetu watu wanazikwa ndani ya magunia. Msaada ule ulikuja na sharti: kitambaa ni cha kuzikia tu. Mama alisimama mbele ya usharika akaahidi. Jora likawekwa kwetu, juu ya kabati.

Haukupita muda akaja mwanamke kutoka Mutuka, amebeba kichanga kilichofungwa kwenye kipande cha gunia. Shingo ya mtoto ilikuwa imechubuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikuwa anaomba tambara lolote kuukuu. Hatukuwa nalo. Mama alimtazama yule mtoto, akapanda kwenye kigoda, akateremsha jora.

"Mama, si uliahidi?" nikamwuliza.

"Niliahidi. Shika huku."

Nikashika ncha, akakata.

Habari zilienea kisimani na sokoni. Wanawake wakawa wanakuja na vichanga vyao. Waliofiwa nao walikuja, wakapewa vilevile. Mimi nilikuwa nashika, mama anakata, kisha tunarudi kupalilia maharage. Hatukuzungumza juu ya jambo hilo. Jora lilipungua kama unga unavyopungua kwenye debe, unaona na huoni. Kipande cha mwisho walipewa mapacha.

Siku chache baadaye akaja mwanamume wa Nangara. Mama yake mzazi alikuwa amefariki alfajiri. Alivua kofia, akakaa kwenye benchi, akaeleza.

"Limekwisha, baba," mama akamwambia.

"Limekwisha lote?"

"Lote."

Alirudisha kofia kichwani, akashukuru, akaondoka. Alimzika mama yake kwenye gunia la mahindi.

Baba alifariki masika yaleyale, kwa ugonjwa wa kifua. Asubuhi alikuwa ameomba uji, ulipoiva alikuwa ametutoka. Nakumbuka niliubeba ule uji nikaurudisha jikoni, nikaufunika. Nilikuwa nangoja kilio kije, hakikuja.

Wakati mwili ukioshwa aliingia jirani yetu mmoja na kipande cha marekani, kimefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Chukua, mama. Mtoto amekua, hakihitaji tena."

Mtoto mwenyewe alikuwa hajaanza hata kukaa.

"Mrudishie mtoto," mama akasema.

Baba mdogo, aliyeshuka kutoka Mbulu, alisema zamani kwao watu walizikwa na ngozi ya ng'ombe, wala hawakupungukiwa na kitu. Lakini ngozi haikuwepo. Mwishowe mama alitungua pazia la mlango wa chumba chao, lenye maua ya kijani, tukamvika baba hilo. Kwa miezi mingi baadaye mlango ule ulibaki wazi, na kila aliyeingia sebuleni alikiona kitanda.

Kati ya waliochimba kaburi alikuwemo yule mwanamume wa Nangara. Alichimba kuliko wengine. Walipomaliza alimpa mama mkono, akasema, "Poleni," akachukua jembe lake.

Matanga yalipokwisha, wazee wa kanisa walikuja nyumbani. Msemaji wao alikuwa mzee mpole aliyetufundisha kipaimara mimi na ndugu zangu.

"Mama," alisema, "mjukuu wangu nilimzika kwenye gunia kabla jora halijaja. Lilipokuja nilisema, hakuna mwingine atakayezikwa hivi. Halafu nasikia ya Nangara."

"Ni kweli," mama akajibu.

"Kwa nini hukuja kutuuliza?"

"Mngekubali?"

Mzee alifikiri kwanza. "Hatungekubali."

"Basi."

"Lakini ungeuliza, mama. Kile kitambaa hakikuwa chako. Uliwapa watu neno lako, ulipaswa kulishika."

Wakamwondoa kwenye uongozi, naye akawapikia chai ya rangi isiyo na sukari, wakanywa, wakasali pamoja. Hapakuwa na ugomvi. Kwa kweli hapakuwa na kitu chochote.

Jora jingine lilikuja baadaye, likawekwa kwa mwanamke mwaminifu. Alilitunza kama alivyoahidi. Maiti zote za usharika zilisitiriwa vizuri, na wenye vichanga walipita mbele ya nyumba yake bila kusimama. Mmoja wa wale mapacha alifariki kabla ya mavuno. Mwingine alikua, siku hizi ana watoto wake.

Nguo ziliporudi madukani na mitumba ikajaa sokoni, siku moja tukiwa tunapukuchua mahindi nilimwuliza mama kama angefanya tena vile.

Aliendelea kupukuchua.

"Sijui," akasema. "Watu wanadhani nilikaa nikapima, huyu ana haki, yule hana. Sikupima. Nilikuwa nakata tu."

"Na yule wa Nangara?"

"Yule huwa namwona sokoni. Ananisalimia vizuri."

Akavuta hindi jingine. Nikamsogezea ungo, tukaendelea mpaka mahindi yalipokwisha, kisha akaniambia nikafungie mbuzi.