Lori la Majani

Mwaka 2015 nilikuwa dereva wa kampuni moja ya Al Quoz, Dubai, iliyokuwa ikifua mashuka na taulo za mahoteli. Gari zetu zilikuwa nyeupe, na sare zetu nyeupe pia, kwa sababu arbab, yaani bosi wetu, aliamini dobi mwenye shati chafu hana maana. Mwezi wa kumi tukaletewa madam wa usalama kutoka makao makuu ya Ulaya, atufundishe kuendesha gari majira ya kupukutika majani.

Alitukusanya ghalani, akatuonyesha picha ukutani: barabara iliyojaa majani mekundu, kioo cha gari kilichoganda barafu. Mimi wa Mombasa nikaambiwa niwatafsirie wenzangu wa Afrika Mashariki.

"Madam anasema, wakati wa vuli, majani yakianguka barabarani..."

"Vuli?" Ami alinikatiza. Alikuwa Mzanzibari, mtu mzima, dereva wa Dubai tangu mimi niko chekechea. "Vuli ni mvua, mwanangu. Vuli majani yanaota. Hebu muulize vizuri."

Madam akaeleza upya habari za miti. Ami akatazama nje, ambako mti pekee ulikuwa mtende wa plastiki mbele ya ofisi.

"Mwambie huu wetu haupukutiki," alisema. "Umefungwa kwa skrubu."

Ghala zima likacheka, nami nikacheka, na hapo ndipo tulipoponzeka. Madam alipofika kwenye ukungu hapakuwa na msikilizaji. Alisema ukungu ukiwa mzito tupunguze mwendo, tuache nafasi kubwa, wala tusifuate taa za gari la mbele kama kondoo. Mimi nikatafsiri, "Ukungu ni mbaya," kisha tukaenda kunywa chai.

Wiki tatu baadaye tulitumwa hoteli moja mjini Al Ain na gari tatu za mashuka. Nilitangulia mimi, katikati mwenzetu wa Kisumu, nyuma Ami. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Katikati ya safari ukungu ukashuka ghafla, mzito, hata taa zangu mwenyewe zikawa zinanirudia machoni. Mara nikaona taa mbili nyekundu mbele. Lori, linakwenda taratibu. Nikamshukuru Mungu, nikajibandika nyuma yake. Wa Kisumu akajibandika nyuma yangu, na Ami nyuma yake.

Lori likakata kulia, nikakata kulia. Lami ikaisha, nikadhani ni matengenezo ya barabara. Lori likasimama, nikasimama. Ngamia akachungulia dirishani kwangu.

Simu ikalia. Alikuwa wa Kisumu. "Bro, hii ndiyo Al Ain?"

Lori lilikuwa limebeba majani ya mifugo, nasi tulikuwa katikati ya zizi. Akatoka Msudani mmoja mbio, mchungaji wa pale. Akatazama gari nyeupe, akatazama sare zetu, akainua mikono juu. "Alhamdulillah! Madaktari!"

"Sisi ni madobi," nilimwambia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza.

"Aiwa, aiwa, yalla," akasema, yaani ndiyo, ndiyo, twendeni, akanishika mkono.

Alitupeleka kwa ngamia jike, kipenzi cha arbab wake, ambaye alikuwa hajala tangu jana yake. Wa Kisumu alikuwa amejifungia garini. "Mimi niliajiriwa kuendesha," alipaza sauti kwenye upenyo wa kioo. Lakini Ami alikunja mikono ya shati. Kwao Donge, Zanzibar, alikuwa amefuga ng'ombe. Akamwambia Msudani ashike taya, mimi nimulike kwa simu. Akachungulia, akatia vidole, akavuta polepole kamba ya nailoni ya kufungia majani, iliyokuwa imejisokota kwenye jino. Ngamia akamtemea mate ya kijani kifua kizima, kisha akainama akaanza kula. Msudani akamkumbatia Ami vivyo hivyo, na mate yale.

Simu yangu ikalia tena. Sasa ni madam. Kwenye kompyuta yake aliona gari tatu zimesimama jangwani.

"Mko salama?"

"Salama, Madam. Ukungu ulizidi, tukatoka barabarani."

Ngamia akanguruma.

"Nini hicho?"

"Ami anakohoa, Madam."

"Maskini. Msiondoke mpaka muone mbali."

Tulikaa tukinywa maziwa na kula tende hadi jua likapanda. Tuliporudi barabarani kicheko kilitukauka. Gari kadhaa zilikuwa zimegongana, moja ni basi la wafanyakazi, na watu wameketi kando ya lami wamejifunika blanketi. Nikakumbuka jinsi nilivyoligandama lori lile. Lingefunga breki, tungeingia chini yake sote watatu. Niliendesha polepole mpaka Ami akapiga simu kuuliza kama petroli imeniishia.

Hotelini walitupokea kwa nyuso za siki kwa kuchelewa kwetu, na Ami, kwa shati lile la mate, hakuruhusiwa hata kugusa shuka.

Kesho yake nilikwenda kwa madam nikamweleza kweli yote: kondoo nilikuwa mimi, na somo lake la ukungu sikulitafsiri. Nilidhani khalas, yamekwisha, narudishwa Mombasa. Akasema, "Basi utalifundisha wewe."

Nikawakusanya wote ghalani saa sita mchana. Safari hii nilieleza kila neno, nikarudia, nikauliza maswali. Chakula cha mchana kikapoa. Wenzangu walininunia hadi jioni.