Laini ya Simu ya Dada

Kitambulisho changu kilipotea nikibeba magunia ya vitunguu Cheptais, na kwa kuwa sikai mahali pamoja muda wa kutosha kufuatilia kingine, dada yangu mkubwa alinisajilia laini ya simu kwa kitambulisho chake. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Niliacha shule darasa la saba, nikaanza kuzurura, na tangu hapo yeye ndiye hutaka kujua niliko.

Baadaye, nikifanya kazi kwenye mashine ya kupukuchua mahindi huko mji mdogo wa Kwanza, niliona pampu mbovu ya maji ikiuzwa. Nilitamani sana kujua ndani yake kuna nini. Nikakopa elfu tatu kwa simu, nikainunua, nikaifungua. Kuirudisha ilivyokuwa ndiko kulikonishinda. Nikahamia Kitale, laini ikabaki ndani ya sanduku, na deni nikalisahau kabisa.

Wakati huo dada alikuwa karani wa mkataba katika ofisi moja ya serikali Bungoma, mwaka wa tisa. Ndipo ikatokea nafasi ya kudumu, katika chumba cha faili za siri. Kabla ya kukabidhiwa ufunguo ilibidi achunguzwe: mienendo, marafiki, madeni. Madeni hasa, kwa sababu wanasema mtu anayedaiwa ni rahisi kununuliwa. Fomu iliuliza kama ana mkopo wowote ambao hajalipa. Dada, ambaye huogopa hata kuomba chumvi kwa jirani, aliandika hapana.

Ripoti ya mikopo ikarudi na jina lake.

Alinikuta Kitale, kwenye gereji, nikiwa chini ya trekta. Niliona viatu vyake kwanza.

"Toka hapo."

"Dada! Karibu, wacha ninawe..."

"Ulikopa nini na laini yangu?"

"Ati nini?"

"Usiniambie ati nini. Wamenipa siku saba nijieleze. Si pesa, bana. Elfu tatu, hata afisa anayenichunguza alicheka. Shida ni kwamba niliandika sina. Sasa mimi ni mwongo."

Akakaa juu ya tairi, akafungua mfuko, akanipa chapati mbili alizokuwa amenibebea. Zile chapati ziliniuma kuliko maneno.

Fundi mwenye gereji alinipa mshahara wa wiki mbili kabla ya siku yake. Nikalipa deni na riba, tukapata barua ya kuthibitisha. Haikutosha. Afisa alitaka kumwona mwenyewe aliyekopa, kwa hivyo nikavaa shati la fundi, tukaenda Bungoma.

"Pesa ulifanyia nini?" afisa aliniuliza.

"Nilinunua pampu mbovu, mzee."

"Ya shamba lako?"

"Sina shamba."

"Sasa pampu ya nini?"

"Kuona ndani."

Akavua miwani, akamgeukia dada. "Huyu ni wako kweli?"

"Ni wangu. Redio ya marehemu baba aliifungua hata matanga hayajaisha."

Afisa alicheka, halafu akaacha kucheka. "Mama, siku moja mtu atamdai huyu pesa nyingi. Atakwambia, nipe faili moja tu, ndogo, nimsamehe ndugu yako. Utafanya nini?"

Dada alinitazama kuanzia viatu mpaka kola ya shati la watu.

"Nitamwacha adaiwe," akasema. "Nitampelekea chapati, lakini nitamwacha adaiwe."

Afisa akaandika maneno hayo polepole, yote, hata chapati.

Ufunguo alipewa mwezi uliofuata. Kabla ya hapo alikuwa amenishika mkono mwenyewe hadi ofisi ya vitambulisho, nikapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na sasa nina kitambulisho na laini yangu. Nikipita Bungoma humsubiri nje ya ofisi yake saa ya chakula cha mchana, na kila mara swali langu ni lilelile.

"Kwani mnaficha nini kwa hizo faili?"

"Siri."

"Hata mimi huwezi kuniambia?"

"Wewe ndiye zaidi," husema, akinisogezea sahani yake.