Farasi wa Baharini Waliohamia Majengo

Enzi zetu, nyie mnaotembea na dunia nzima mfukoni, Mpanda ilikuwa na bahari. Najua mtabisha. Mtafungua simu, mtatazama ramani, mtaniambia kutoka hapa mpaka pwani ni safari ya kuvimba miguu. Sawa. Lakini ramani yenu haikuwahi kuingia sebuleni kwetu Majengo. Ingeingia, ingeikuta bahari imekaa juu ya meza ya mninga, katikati ya redio ya Baba na kabati la vyombo la Mama, inachemka mapovu mchana kutwa, na Bibi, mama yake Baba, amekaa mbali nayo ameikunjia uso.

Aliyeileta ni Mama mdogo Leokadia, mdogo wake Mama. Alikuwa akifanya kazi za ndani huko pwani kwa familia ya wageni. Siku wageni hao walipoamua kurudi kwao, walimwuliza wamwachie nini cha kuwakumbukia. Mwenye akili angetaja friji. Mama mdogo alitaja samaki.

Kwa hiyo mama wadogo wa wenzetu wakirudi na vitenge na tende, wa kwetu alishuka kwenye treni na tangi la kioo lililoviringishwa mablanketi, gunia la mawe, madumu ya maji, na ndoo yenye mfuniko aliyoikumbatia njia nzima kama mtoto mwenye homa. Kando ya ndoo kulikuwa na pampu ndogo ya betri ikikoroma.

"Hili dumu lina nini?" Baba aliuliza pale stesheni.

"Maji, shemeji."

"Umesafirisha maji kwa treni? Leokadia, hapa Mpanda tuna visima."

"Haya ni ya chumvi."

"Na chumvi pia tunayo."

Baba aliuza vipuri vya baiskeli, na maneno aliyatoa kama anavyotoa vipuri: kimoja kimoja, na kwa sababu. Alibeba madumu yote mpaka nyumbani bila kusema kingine. Tulijua kimya kile. Kilimaanisha kwamba mgeni ana juma moja.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupanga mawe. Hayakuwa mawe ya kujengea msingi; yalikuwa matumbawe, mawe ya baharini yenye matundu, na ndani ya matundu waliishi vijidudu, vikonokono na vitu vingine ambavyo Mama alitusihi tusivitaje wakati wa kula. Mama mdogo alitutangazia sheria: anayeingiza mkono kwenye maji anawe kwanza bila sabuni. Sisi watoto tuliipenda sheria hiyo kiasi kwamba tuliitekeleza hata siku za kuoga.

Basi kila mtu akawa mtaalamu. Mama alitaka mawe yakae kwa ngazi, kama sahani kwenye kabati lake, na juu tuweke ua la plastiki. Baba, ambaye hakuwa na habari na mambo hayo, alipita akielekea dukani, akasimama, akasema ukijaza mbele mteja haoni nyuma. Bibi alishauri yote yatupwe chooni. Mama mdogo alitusikiliza wote, akapanga alivyotaka yeye: pango upande mmoja, uwazi katikati, na matawi ya tumbawe kavu yamesimama upande wa pili ili farasi wapate pa kushika.

Naam, farasi. Kulikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, tuliowaita Kondakta na Trafiki kwa sababu walifukuzana bila kufikishana popote. Lakini wenye nyumba walikuwa farasi wawili wa baharini, dume na jike, warefu kama kidole. Kichwa cha farasi, mkia wa kinyonga, na tabia ya bosi: wanasimama wima mahali pamoja, wamejishikiza kwa mkia, wanasubiri chakula kiwafuate.

Habari zilifika mitaa ya mbali kwamba kwa muuza vipuri kuna farasi. Mzee Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe wengi nje ya mji, alikuja na fimbo yake na kamba begani, tayari kwa mazungumzo ya mifugo. Tukampeleka mbele ya kioo. Alitazama. Akainama, akatazama tena.

"Huyu ndiye farasi?"

"Ndiye, mzee."

"Mmempunguza na nini?"

Alikaa mpaka chai ikaisha, akitikisa kichwa, kisha akamshauri Baba kwa upole kwamba hata mbuzi mmoja angekuwa mwanzo mzuri zaidi.

Nyie vijana mnaona kufuga ni kubonyeza. Sisi tulifuga mifugo iliyodai ifugiwe mifugo mingine kwanza. Farasi walikula vilivyo hai tu, tena vidogo. Mama mdogo alikuwa na kopo la mayai ya vidudu vya maji chumvi, makavu kama unga wa pilipili manga. Tuliyatia kwenye chupa ya maji ya chumvi, tukaiweka juani, na baada ya siku kama mbili vidudu vilianguliwa vikichezacheza kama vumbi kwenye mwanga. Hapo ndipo tulipovinyonya kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kuwapelekea mabosi mdomoni. Kabla ya shule tulilisha farasi. Sisi wenyewe tulikunywa uji ukibaki muda. Maji yakipungua kwa jua, tuliongeza ya mvua tuliyokinga, si ya chumvi, maana Mama mdogo alisema maji ndiyo yanayoondoka, chumvi haijui kuruka. Nilipolisema hilo darasani, mwalimu aliniita mbele nilirudie, na mpaka leo ndiyo siku pekee niliyowahi kupigiwa makofi kwenye sayansi.

Bibi hakupigia makofi chochote. "Kitu cha baharini kina wenyewe," alisema. Alimaanisha majini. Alikuwa Mfipa wa kutoka juu huko Ufipa, alikulia mbali na kila aina ya bahari, kwa hiyo alizijua habari zake zote. Aliwaeleza majirani, majirani wakawaeleza wazee wa kanisa, wakaja watatu kuombea sebule. Waliomba vizuri. Walipofumbua macho, farasi jike alikuwa amekigeukia kioo anawatazama, na mmoja wao akasema, "Lakini Mungu naye ana mikono." Wakavuta viti. Chakula cha mchana kiliwakuta.

Mambo yalibadilika Jumamosi moja asubuhi. Dume alikuwa amevimba tumbo siku nyingi, na Bibi alikuwa ameshatangaza kwamba amerogwa. Asubuhi hiyo akaanza kujikunja na kujinyoosha, kujikunja na kujinyoosha, mkia umekaza kwenye tawi. Mama mdogo alipiga kelele. Tukakimbilia sebuleni wote, na mbele ya macho yetu kifuko cha tumbo kikafunguka, wakatoka farasi wadogo kama vipande vya uzi, wengi, wakipanda juu kama moshi.

"Huyo si dume?" Bibi aliuliza.

"Ni dume, Bibi," Mama mdogo alijibu. "Kwao baba ndiye anayebeba mimba na kuzaa."

Bibi, ambaye alikuwa amezaa watoto wengi na kuzika baadhi, alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuikaribia bahari. Alimtazama yule dume akipumzika, mashavu yakienda juu na chini. Kisha akamwita Baba kwa sauti iliyofika barabarani:

"Baba Anna! Acha vipuri! Njoo uone mwanaume mwenzio anavyofanya kazi!"

Kuanzia siku hiyo majini yakahama Majengo. Bibi alimpa dume jina la Mzazi, akahamishia kigoda chake mbele ya kioo, na kila mwanaume aliyekuja kumsalimia alioneshwa. Akina mama walikuja kutoka Katumba siku ya kuuza mahindi, wakaleta na waume zao. Waume walicheka kidogo, kisha wakakumbuka kwamba wana haraka.

Watoto wale wa uzi walikufa wengi, na Mama mdogo alituambia ndivyo ilivyo hata huko baharini. Wachache walishikilia, naye aliwatengea beseni lao. Ndipo umeme ukazimika.

Nyie umeme wenu ukikatika dakika kumi mnaandika mtandaoni kama mnaoaga dunia. Sisi mji mzima ulikuwa ukilishwa na majenereta, na siku hiyo yalizima asubuhi bila kusema yatarudi lini. Mapovu yakaisha. Pampu ya betri ikafanya kazi kidogo, betri zikachoka, na madukani hakukuwa na nyingine. Mchana samaki walipanda juu wakaanza kupiga midomo hewani. Mama mdogo alikuwa akichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, anachota, anamwaga, na machozi yanamtoka bila sauti. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Alirudi kutoka pwani bila mume, bila akiba, na ndugu walishaanza kumwuliza alichovuna huko. Alichovuna kilikuwa mle kwenye kioo, kinakata pumzi.

Baba alikuja kula. Alisimama mlangoni, akamtazama shemeji yake, akatoka bila kula. Tulisema moyoni, ndiye huyo, amekasirika. Alirudi na pampu za baiskeli zote za dukani na mpira wa kutosha.

"Inataka hewa, si ndiyo?" alisema. "Hewa ndiyo biashara yangu."

Alifunga mpira kwenye pampu, akachomeka upande wa pili kwenye kijiwe chenye matundu kilichotoa mapovu ndani ya tangi, akapiga magoti, akaanza kupiga pampu. Mapovu yakatoka. Mama mdogo alicheka huku bado analia. Tukapokezana. Mama alipiga akiwa na mwiko mkononi. Wale wazee wa kanisa walipiga wakiimba. Mzee Masanja alipita kununua mnyororo, akaambiwa dukani hakuna mtu, akafuata kelele mpaka sebuleni, akavua koti.

"Lete hapa," alisema. "Nilisema si farasi, sikusema afe."

Bibi hakuwa na mikono ya kupiga pampu, kwa hiyo alifanya kazi ya kutukemea. "Nyie, polepole! Hamjazi tairi la lori!" Chumba kilinuka jasho na chumvi. Uji ulipikwa kwenye sufuria ya misiba. Sikumbuki zamu ngapi nilipiga. Nakumbuka mabega, na nakumbuka kwamba hakuna aliyetuita, na hakuna aliyesema anaondoka. Umeme uliporudi, mtaa mzima ulipiga vigelegele, lakini vya kwetu vilikuwa na sababu. Watoto wa kwenye beseni hatukuwafikia, wote walikufa. Trafiki naye alikufa. Mzazi, mkewe na Kondakta walipona.

Walikaa nasi mpaka unga wa chumvi ya bahari, tuliokuwa tukitengenezea maji mapya, ulipokaribia kwisha. Mtu aliyekuwa akimtumia Mama mdogo unga huo kwa treni alihama, na habari zake zikakatika. Baba, ambaye sasa alisalimia samaki kabla ya mkewe, alileta mfuko mzima wa chumvi ya Uvinza.

"Shemeji, hii ni ya mboga," Mama mdogo alimwambia taratibu. "Itawaua."

"Basi sema inayotakiwa nikaitafute."

"Haipatikani huku."

Farasi walianza kukataa chakula. Siku chache baadaye Mama mdogo aliwatia kwenye ndoo ileile pamoja na Kondakta, akafunga begi awarudishe pwani. Mtaa ulimsindikiza stesheni. Mzee Masanja alibeba ndoo kwa mikono miwili, akitembea kama aliyebeba maziwa ya kuposea mke. Bibi aliinama kwenye ndoo, akamwambia Mzazi asafiri salama na asibebe mimba njiani. Mama mdogo alisema atarudi baada ya mwezi. Samaki walifika, akatutumia salamu, lakini yeye hakurudi. Pwani ilimshika, akaolewa Tanga, akazaa huko. Tangi lilibaki. Mama alilifuta, akaliweka barazani, akawa anauzia maandazi humo. Yalikuwa maandazi yanayoonekana vizuri kuliko yote Majengo.

Sasa tuje kwenu, waheshimiwa. Mtoto wa kaka yangu, Deo, naye amejenga bahari, Majengo hiyohiyo. Chumvi inamfikia kwa basi, chakula kimegandishwa kwenye friji, taa inabadilika rangi kwa amri ya simu. Ana farasi wanne. Kila Jumapili anafumua mawe yote na kuyapanga upya, kwa sababu picha ya wiki iliyopita imeshazoeleka. Nilimwambia farasi wanahitaji kuzoea mahali. Akaniambia, "Shangazi, watu wanataka mandhari mpya." Nikamwuliza watu gani, maana sikumwona mtu. Akanionesha simu. Walikuwa maelfu.

Nikiwa pale umeme ulikatika. Nilishtuka mpaka nikasimama. Deo hakuinua hata kichwa. "Kaa tu, Shangazi, betri inajiwasha yenyewe." Kweli, ikajiwasha. Mapovu hayakukosa pumzi hata moja. Ni kitu kizuri sana, sikatai. Mkewe alikuwa chumbani na simu yake, watoto ukumbini na za kwao, kila mmoja na vidude vyake masikioni.

Nikaona nimpigie Mama mdogo kwa video, aone. Uso wake ulijaa kioo cha simu, nywele nyeupe, anacheka. Nikageuza simu kwenye tangi. Akawatazama farasi kwa muda mrefu, akawasifia afya, akasifia na maji. Kisha akasogeza sikio kwenye simu, kama mtu anayesikiliza kitu.

"Mwanangu," akasema, "mbona nyumba kimya hivyo? Mna msiba?"

Nikamjibu hapana, Mama mdogo, hakuna msiba. Watu wapo.

"Haya," akasema. "Basi wasalimie, ukiwaona."