Vyuma vya Balkoni ya Mama

Kazi yangu miaka ile ya elfu mbili ilikuwa kusukuma kigari juu ya sakafu za watu. Ndani ya kigari mna rada. Inapeleka mawimbi ndani ya konkriti, nayo yakigonga chuma yanarudi na kuchora alama kama nyusi kwenye kioo chake. Nyusi zikiwa juu, chuma kiko karibu, zikishuka, kimezama. Katikati ya jiji walinzi walinicheka: "Madam, unafyeka nyasi gani humu ofisini?" Sikuwajibu. Mdomo ninao, lakini nilihitaji kufunguliwa mlango.

Siku niliyoipeleka mashine hiyo nyumbani kwetu Mutuini, hatukuwa tumemaliza hata kupokea wageni wa rambirambi. Baba alikuwa na wiki tatu tu kaburini. Mama alinipigia simu kuhusu ufa uliotokea pale balkoni inaposhikana na nyumba, akasema kila akiamka anauona umepanuka. Nikapita ofisini kwetu karibu na Adams Arcade, nikapakia mashine, nikaenda.

Balkoni hiyo ndiyo ilikuwa raha ya mama. Alikaa pale akichambua maharagwe na kuwasalimia wapita njia wote, hata wale asiowapenda. Baba hakukaa naye pale hata siku moja. Kiti chake kilikuwa ndani, mlangoni, na waliongea hivyo, mmoja nje mmoja ndani. Akija mgeni kumsalimia mama, baba alifoka, "Ingieni ndani, huko nje kuna baridi!" Na jua linawaka! "Huyu mzee ananionea haya," mama aliniambia mara nyingi, akijifanya anacheka. Iliniuma kila mara.

Chini ya balkoni baba alikuwa amesimamisha bomba nene la chuma, eti mpesheni upate pa kupandia. Alipokufa, mmea nao ukakauka. Mama, kwa uchungu wa msiba, akaita watu wakang'oa mmea na bomba lake. Ufa ulikuja baada ya hapo.

Kwanza nilisimamisha magogo chini ya balkoni kuishikilia, maana mimi si mwendawazimu. Kisha nikaanza kusukuma kigari kutoka chumbani kuelekea nje. Balkoni ya namna ile inaning'inia, haina ukuta chini, kwa hivyo vyuma vyake sharti vikae juu; ndivyo vinavyoishikilia isianguke. Chumbani kila kitu kilikuwa sawasawa, kazi ya baba kabisa, fomeni aliyesimamia maghorofa mjini. Nilipovuka kizingiti, nyusi zikazama. Nikarudi nyuma, nikapita tena. Zilikuwa chini kabisa, mahali ambapo vyuma havina kazi.

Nikajua mara moja. Siku ya kumwaga slabu, ile sakafu ya konkriti ya ghorofani, kwetu ilikuwa sherehe. Majirani walikuja wote, karai zikapita mkono kwa mkono, sufuria za githeri zikatokota uani. Ilikuwa nyumba ya kwanza ya ghorofa katika ukoo wetu, na mama alipanda na wenzake wakacheza juu ya vyuma, pale pale mlangoni pa balkoni, kwa vigelegele. Kila Krismasi aliisimulia. Na vyuma vya juu ukivikanyaga, vinalala, vinashuka chini.

"Hiyo kitu yako imeona nini?" mama akauliza.

"Vyuma viko chini, mama. Balkoni itabidi ivunjwe."

"Kwa hivyo baba yako alikosea?"

Mungu wangu. Nikisema ndio, namchafulia baba jina, na udongo wa kaburi lake bado mbichi. Nikisema la, namnyang'anya mama siku yake tamu kuliko zote. Nikawaza, baba ameshaenda, atanivumilia.

"Ndio, mama. Alikosea."

"Usinidanganye, wewe mtoto." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aliniambia nishuke. Alisema, mama watoto, unanilazia vyuma. Nikamwambia leo sishuki, labda unibebe. Akacheka, akasema haya, cheza. Karai za konkriti zikaanza kufika. Nilidhani alivirekebisha."

Mama alikuwa anatazama chini, kwenye shimo la lile bomba.

"Kumbe halikuwa la mpesheni," akasema. "Na wageni je, aliokuwa akiwafukuza hapa?"

"Alikuwa anaipunguzia balkoni uzito, mama."

Nilimkasirikia baba, jamani! Si angesema tu? Fundi mzima, angeivunja na kuijenga upya kabla hata rangi haijapakwa. Lakini angelazimika kumwambia mama sababu. Basi akachagua kuweka bomba, na kukaa upande wake wa mlango, miaka yote hiyo, akinuniwa.

"Nilidhani hataki kukaa na mimi," mama akasema. Akalia kwa sauti, kilio ambacho hakulia hata makaburini. Nilimshika, nami nikalia, kigari kikiwa kati yetu, kioo chake bado kinawaka.

Alipotulia alijifuta uso kwa leso. Akakivuta kiti chake kutoka balkoni, akakataa nimsaidie, akakiingiza ndani, akakiweka pale mlangoni kando ya kile cha baba. Akaketi, akatazama nje.