Aliyeomba Mara Mbili

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Mama Ghala amevaa viatu vya darasani, lakini miguu imempeleka kwanza kazini. Anasukuma mlango wa chuma wa ghala la hospitali, anawasha taa, anapita katikati ya rafu akigusa masanduku kwa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto. Dripu. Glavu. Kule mwisho, vichujio vya mashine za kusafisha damu. Hapo anasimama kidogo zaidi.

"Nisipoviona kwa macho yangu, mwili utakuwa darasani na roho huku," anasema, akifunga kufuli na kulivuta kuhakikisha.

Kinachomsimamisha pale si kazi peke yake. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, fundi cherehani, figo zake zimekufa. Mara mbili kwa wiki hulazwa ghorofa ya pili, damu yake ikitoka na kurudi kupitia kichujio kilichotoka kwenye rafu ya dada yake. Kichujio kikikosekana, hakuna dawa ya kushika nafasi yake.

Darasa lenyewe ni la wakubwa: mafunzo ya viongozi kuhusu mnyororo wa ugavi, yaani safari nzima ya mzigo, kutoka kiwandani hadi mkononi mwa mtumiaji. Ukumbi una zulia, na kiyoyozi chake hutetemesha watu. Wengi ni mameneja wa viwanda na wakurugenzi wa usafirishaji. Mama Ghala, aliyeanza kwa kufagia korido za hospitali hiyo hiyo, amelipiwa na mwajiri baada ya kupandishwa kuwa mkuu wa ugavi.

"Siku ya kwanza nilikaa karibu na mlango," anasema akicheka. "Nikajiambia, wakianza maneno marefu marefu, najifanya nakwenda msalani."

Leo hakuna maneno marefu. Kuna maharagwe.

Mkufunzi amewakalisha wanne wanne kwenye meza: mwenye duka, muuzaji wa jumla, msambazaji na kiwanda. Maharagwe ndiyo bidhaa. Sheria ni moja tu, kutosema. Unaandika unachotaka kwenye kikaratasi, unamsukumia jirani, unangoja.

Mwenye duka wa meza yao ni mtu wa makamo ambaye darasa zima humwita Kofia, kwa kuwa haivui hata akinywa chai. Ni mtunza ghala wa hospitali ndogo ng'ambo ya mto. Mama Ghala ndiye wa jumla.

Mzigo unachelewa. Mama Ghala anaona bakuli lake linakauka, anaomba mara mbili ya haja yake. Hauji. Anaomba tena. Mwishowe unafika wote kwa mkupuo, na maharagwe yanamwagika hadi kwenye zulia.

"Mama Ghala, leo harusi ya nani?" anapaza sauti meneja wa kiwanda cha sabuni.

"Ya kwako. Njoo na sahani!"

Ukumbi unaangua kicheko. Kisha mkufunzi anafunua karatasi ya wateja. Wateja waliongeza manunuzi mara moja tu, tena kidogo. Upungufu mwingine wote umetengenezwa na hofu ya waliokaa mezani.

Kofia hacheki. Ameinama, anaokota maharagwe moja moja.

"Dada, nambie kweli. Mwezi wa mvua, mliomba vichujio mara mbili?"

Bohari kuu inayowahudumia wote wawili ina desturi yake: mzigo ukipungua, kama mvua inapokata barabara, kila hospitali hupewa nusu ya ilichoomba. Wazoefu wanajua dawa yake. Anayetaka kumi huomba ishirini.

"Tuliomba mara mbili," anajibu Mama Ghala.

"Sisi tuliomba haja yetu, tukapewa nusu." Kofia bado anaokota. "Tulikuwa na mgonjwa wa figo, mwalimu wa chekechea. Tukamwambia, mama, rudi keshokutwa, mzigo uko njiani. Keshokutwa akaja mumewe, ametoka makaburini, kurudisha blanketi letu la wodini."

Chai inaletwa. Mama Ghala haigusi.

"Mzigo ulipofika kwangu ulibaki," anasimulia baadaye. "Nilifunika masanduku kwa turubai yasishike vumbi. Nikajisifu, Mama Ghala umeweza! Huyo mwalimu sikumjua. Lakini hata ningemjua, ningemtazama ndugu yangu kwanza. Hapo ndipo ninapojiogopa."

Kila mwanafunzi anatakiwa kubadilisha jambo moja kazini kwake kabla ya kuhitimu. Jioni hiyo Mama Ghala anampelekea mdogo wake habari ya jambo lake: kugawana akiba ya vichujio na hospitali ya Kofia. Anamkuta kwenye cherehani, miguu imevimba, anapinda sketi ya shule.

"Kwa hiyo akiba yangu unampa mtu wa kofia," anasema fundi bila kuinua macho.

"Si yako. Ni ya wagonjwa."

"Na mimi nani, mpishi?"

Wanacheka wote wawili, kisha kicheko kinawaishia.

"Mzigo ukikwama?"

"Kofia atatugawia alichonacho."

"Asipokuwa nacho?"

Fundi anakata uzi kwa meno.

"Naogopa, Dada, usinifanye shujaa. Ila wapelekee; usinitwishe masanduku ya mtu mwingine. Nina ya kwangu ya kutosha."

Mganga mkuu ameidhinisha mpango huo kwa majaribio. Jumatatu mchana, pikapu ya ng'ambo inarudi nyuma hadi mlangoni, na nusu ya akiba inapakiwa. Mama Ghala anasimama pembeni, mikono kifuani, hadi gari linapopinda kona. Nyuma ya rafu ya mwisho sasa unaona ukuta.

Anataka hospitali zote zinazotegemea bohari hiyo ziambiane ukweli wa akiba zao kila wiki, na bohari igawe kwa idadi ya wagonjwa badala ya ukubwa wa ombi. Bohari bado haijamjibu. Mawingu yameanza kujikusanya.

"Nataka mvua ikianza, Kofia anipigie simu aseme ana vingapi, nami niseme nina vingapi, bila kuongeza hata kimoja," anasema. "Mdogo wangu akinifia kwa upungufu, nitamlilia. Lakini uwe upungufu wa kweli, si wa kutengenezwa na mtu aliyekaa ghalani kama mimi."