Siku Isirukwe

Mzee mfagiaji, Singasinga, alibisha hodi hata kwenye darasa tupu. Mwalimu Kamlesh, akisahihisha madaftari, alimsikia kila siku akiegemeza ufagio ukutani, kisha akisoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari, karatasi ya kumbukumbu za maharage yaliyooteshwa kwenye chupa dirishani. Kila siku watoto waliandika urefu wa mche na sentensi moja ya walichokiona. “Wa Charity umenyanyua kichwa, mwalimu,” alikuwa akimwambia kwa Kiswahili, maana hapa ugenini kwa Waingereza yeye wa Nakuru na Kamlesh wa Jinja hawakuwa na lugha nyingine ya nyumbani ya kuzungumza pamoja.

Aprili ile ya 1973 shule ilifungwa wiki mbili. Ilipofunguliwa, Kamlesh alirudi darasani kwake, mtaa wa Balsall Heath, akitarajia miche mikavu. Akaikuta imestawi, na karatasi imejazwa kila siku, kwa Kiswahili, mwandiko ukitetemeka.

“Mzee, si tulifunga?”

“Uliwaambia watoto siku isirukwe,” akajibu, akiinama kuokota kipande cha chaki.

Kamlesh akasoma mstari wa Jumapili ya Pasaka: “Inchi tano. Jani la tatu limefunguka. Sikuwa na wa kumwambia.”