Ndama wa Mashine ya Kimeli

Kimeli nilimpata Sosiot, nyuma ya duka la mbolea, akikereza miguu ya vitanda kwa mashine ya kukodi. Sikujitambulisha haraka. Fundi akijua wewe ni mteja hubadilika, kwa hivyo nilisimama kama mtu anayekimbia mvua nikamtazama. Hakugusa rula. Alisimamisha mashine, akashika mguu wa mfano kwa mkono mmoja na mguu mpya kwa mwingine, akafumba macho, halafu akarudisha patasi mahali palipozidi kwa unene wa kucha.

Nilikuwa na kazi inayotaka mkono wa namna hiyo. Mama mmoja wa ng'ambo, anayeuzia watu wanaosokota sufu kwa mkono, alikuwa amenitumia kijiti cha kusokotea cha zamani sana. Kilikuwa cheusi kwa mafuta ya vidole, chembamba juu, na chini kina kisahani cha kukifanya kizunguke kama pia. Alitaka vingine vinavyofanana na hicho kabisa. Mafundi wa Kericho mjini walikuwa wamejaribu, wakanitengenezea miiko ya ugali.

Nilipompa, Kimeli alikigeuzageuza, akakinusa. "Huyu jamaa aliyekichonga alikosea hapa," akasema, akinionyesha kiuno cha kijiti. "Halafu akaona kosa ni zuri, akaliacha."

"Na wewe unaweza kukosea hivyo hivyo?"

"Kukosea ni rahisi, Mama Muturi. Kazi ni kuacha."

Nikamwambia nitanunua mashine, nimwandike kama mfanyakazi wangu. Akakataa. Yeye si kibarua wa mtu. "Iweke kwangu," akasema, "kama ng'ombe."

Mimi ni Mkikuyu niliyezaliwa Kericho. Baba yangu aliuza viazi, na ng'ombe ninayemjua ni yule mwenye bei. Lakini desturi ya watu wa kina Kimeli nilikuwa nimeisikia. Mtu humpa rafiki ng'ombe amchungie. Mchungaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Tukakubaliana hivyo. Mashine ni ng'ombe wangu, inakaa kwake. Miguu ya vitanda na viti vya wateja wake ni maziwa, anywe. Vijiti vya kusokotea ni ndama, vyangu vyote, na mbao ya mzeituni wa porini nitaleta mimi. Nilirudi nyumbani nikiona nimempunja mtu mzima mchana kweupe.

Na kwa muda mrefu ilikuwa hivyo. Ndama walizaliwa, walifanana na mzee wao mweusi, kile kijiti cha zamani kilichoning'inia msumarini kwa Kimeli, na mama wa ng'ambo aliomba vingine kabla vya kwanza havijaisha. Kimeli aliezeka nyumba kwa maziwa yake. Hakuna aliyemlalamikia mwenzake.

Halafu siku moja sokoni Bomet nikamwona Chepkurui. Ni mwanamke anayefuga kondoo na kuuza masweta, amekaa juu ya gunia, anasokota. Kijiti chake kilizunguka bila sauti. Nilichagua vitunguu, nikagombana juu ya vitunguu, nikalipa, bado kilikuwa kinazunguka. Vyangu havikuwahi kwenda hivyo.

"Mama, hicho umenunua wapi?"

"Sikununua. Ni Kimeli wa Sosiot alinitengenezea."

"Ni kile cha ng'ambo?"

"Ng'ambo gani? Hiki ni cha mkono wangu. Nilimrudishia, nikamrudishia, mpaka akanichoka."

"Hakukufukuza?"

"Muulize bibi yake," akasema, akacheka mpaka kondoo wake akageuka.

Nilipanda kwenda Sosiot na wivu umenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Sikumtaka Kimeli, ana miguu ya kuku. Nilitaka ule mkono. Nilikuwa nimeulipia kwa ng'ombe mzima, na uzuri wake ulikuwa unaenda kwa mwanamke wa masweta.

Nilimkuta kazini, vijana wa boda boda wamekaa nje wakingoja abiria.

"Kimeli. Kijiti cha Chepkurui ni maziwa ama ni ndama?"

Hakuinua macho. "Hicho ni mavi, Mama Muturi."

"Ni nini?"

"Kilitoka kwa kile kipande ulichotupa ukasema kina fundo. Mavi ya ng'ombe ni ya mwenye boma. Mwenye ng'ombe haji na gunia kuyadai."

Vijana walicheka. Nikangoja wamalize.

"Mbona basi mavi yako ni mazuri kuliko ndama wangu?"

Hapo akazima mashine. "Wako uliniambia wafanane na mzee. Wanafanana. Hakuna mtu amewahi kurudi kuniambia kijiti kinamuumiza kidole gumba. Yeye hurudi."

"Basi mtengenezee mama wa ng'ambo kama hicho."

"Nimpime kidole kwa simu?"

Nikamwambia kuanzia siku hiyo asitengenezee mtu mwingine kijiti, kiwe na fundo, kisiwe na fundo. Akasema mwenye ng'ombe haingii jikoni kuangalia nani amekunywa. Nikasema basi nakuja kuchukua ng'ombe wangu.

"Ni wako," akasema, akawasha mashine.

Nilitegemea atanipigia simu kuomba. Hakupiga. Nikaenda na pikapu na Mochama, fundi niliyemtoa upande wa Kisii. Kimeli alikuwa ameipangusa mashine na kuitia mafuta kama bibi harusi. Chepkurui naye alikuwepo, amekaa mlangoni, anasokota.

Mashine ilipofungwa kamba, Kimeli akasema, "Kwetu ng'ombe akirudi kwa mwenyewe, aliyemchunga haachiwi kamba tupu. Anaachiwa ndama mmoja."

"Chagua," nikasema, nikiogopa atachagua patasi nzuri nilizonunua pamoja na mashine.

Akaenda kwenye msumari, akatoa kijiti cheusi. Nilifikiri haraka. Ni kikuukuu, kina ufa, mwenyewe ng'ambo hakitaki tena, na nyumbani nina sanduku la vingine vinavyofanana nacho kama mapacha. "Mchukue mzee wako," nikamwambia. Nilifika Kericho nikiimba.

Sanduku lile niliuza, maana mimi huuza. Mochama alinakili kijiti kimoja cha Kimeli, tukakiuza pia, akanakili chake mwenyewe, kisha nakala ya hicho, na kila kizazi kikaongezeka kiunoni kama shemeji aliyeoa vizuri. Mama wa ng'ambo akaandika kwamba hivi si vile. Baadaye hakuandika tena.

Kimeli alijitengenezea mashine ya kukanyaga kwa mguu, mti uliopinda juu na kamba chini. Ni ya polepole, na wenye vitanda hawana subira. Wote wanakuja kwangu Kericho sasa. Mochama hapumziki. Yeye Kimeli anatengeneza vijiti vya wanawake wanaosokota na Chepkurui, na nasikia yule mama wa ng'ambo alimpata, na wateja wake huchora kidole gumba kwenye karatasi na kumtumia. Nyumba yake haijapata sakafu. Kwa hivyo maziwa yalikuja kwangu, ndama wakabaki kwake, na ng'ombe wangu nimemfunga nyumbani.

Mwezi uliopita nilipita Sosiot nikamwomba anitengenezee kimoja, kwa bei yake.

"Kwani unasokota, Mama Muturi?"

"Sisokoti."

"Sasa nitakipimia nini?"

Chepkurui alikuwa hapo mlangoni. Hakucheka. Afadhali angecheka.